Nilivyokwenda Kujitolea kwa Wayahudi wa Mbegani

Ndugu zangu wa Fukayosi, nyote mashahidi kwamba kijiji chetu kimesaidiwa mpaka kimechoka. Kila kiangazi huja vijana wa Ulaya kupaka rangi ukuta uleule wa shule, na sasa rangi imekuwa nene kiasi kwamba darasa la tatu limepungua nafasi. Wanashika ndoo moja watu wanne, wanafundisha watoto wimbo wa kupiga makofi, siku ya kuondoka wanalia, kisha wanarudi kwao wakiwa wameiokoa Afrika. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, niliyejifunza fizikia jicho moja likiwa limelala, nikajiuliza kwa nini starehe hiyo iwe ya wenzetu tu. Nami nina mikono. Nami naweza kwenda kwa watu nisiowajua nikawasaidie jambo ambalo hawakuniomba.

Pa kwenda nilipata kwa Shomari, dereva wa lori la mananasi. Alinieleza kuwa kule Mbegani kuna nyumba ya Wayahudi anakopeleka mananasi, na ndani yake kuna chumba cha ibada, sinagogi, ambacho ukuta wake wa nje umeliwa na chumvi ya bahari. Nikaomba namba ya simu ya mwenye nyumba, nikaandika ujumbe mrefu wenye maneno kama mshikamano na utu. Jibu likaja kwa neno moja: Karibu.

Alhamisi alfajiri nilipanda mbele ya lori, nikiwa na brashi mbili na shati la akiba. Shomari aliuliza kazi yenyewe inalipa kiasi gani. Nikamwambia hailipi, najitolea. Tulipovuka Makurunge aliuliza tena.

"Yaani unatoka kwako, unakwenda kumpakia mtu rangi bure, na brashi ni zako?"

"Ndiyo maana ya kujitolea."

"Mkeo anajua?"

Swali hilo nililiacha lidondoke Mto Ruvu, ambao asubuhi ile ulikuwa mpana kama bahari iliyokosa chumvi. Bagamoyo mjini tulishusha mananasi kwa wateja watatu. Mtu wa Mji Mkongwe wa hapo hapokei nanasi kabla hajaijua hali yako, ya watoto wako na ya watoto wa jirani yako, hivyo shughuli ya nusu saa ikatuchukua asubuhi nzima.

Adhuhuri tulifika Mbegani. Kwa kuwa mgeni haendi mikono mitupu, nilipita kwa wavuvi nikanunua kamba, wakubwa, kila mmoja unene wa mkono wa mtoto mchanga. Bi Raheli, mama wa makamo anayeisimamia nyumba ile, alinipokea getini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa uchangamfu, nikamkabidhi mfuko. Alipoufungua alirudi nyuma hatua moja, kisha akanishukuru kwa adabu kubwa bila kuupokea. Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo halikuwamo katika mtaala wa jioni: Myahudi anayeishika dini yake hali kiumbe wa majini asiye na mapezi na magamba. Si kamba, si kaa, si ngisi, si pweza. Nusu ya kitoweo cha pwani inampita dirishani, naye anabaki na harufu.

Jirani wa upande wa pili, Bi Mwanaidi, bibi wa ukoo wa kale wa Bagamoyo ambaye ukuta wa ua haujawahi kumzuia kusikia kitu, alichungulia.

"Mwanangu, usihangaike. Lete huku. Huku dini yetu imewaruhusu."

Zawadi yangu ikaruka ukuta.

Jioni hiyo nilitambulishwa kwa Mzee Daudi, baba yake Bi Raheli. Baba yake mzee huyo alitoka Yemen kuja kuuza vitambaa, na mji mzima unamwita Mzee Daudi Mwarabu. Alikwishachoka kusahihisha. Akisalimiwa kwa salamu za Kiislamu anaitika vizuri kuliko imamu. Alinionyesha sinagogi: chumba cha mabenchi, pazia la mahameli, na nyuma yake kabati linalohifadhi gombo la Torati. Wanaelekea kaskazini, Yerusalemu. Nilipomwambia kwamba nasi Waislamu tunaelekea hukohuko, Makka, alicheka akasema ni njia moja, ila sisi tunashuka kituo cha kabla.

Jumuiya yenyewe ni ndogo. Ukiwakusanya wanaume wa hapo, wana wa mzee wanaokaa Dar es Salaam, wakwe, na wahandisi wawili watatu wa mikataba, hupati timu ya mpira. Lakini kamati hawakosi: ya jengo, ya chakula, na ya kusuluhisha kamati mbili za kwanza. Ijumaa asubuhi niliwasikia wakibishana kuhusu sauti ya wimbo mmoja, kila upande ukiapa kwamba ndivyo babu alivyoimba. Nikajihisi nyumbani kabisa, kama nipo kwenye kikao cha msikiti wetu kuhusu kipaza sauti.

Nikapaka ukuta tangu kulipokucha. Kufikia saa tano nilikuwa nimemaliza ukuta, kizingiti, na sehemu ya mpapai. Nikatafuta kazi nyingine, na hapo ndipo nilipoingia jikoni. Kulikuwa na mlima wa vyombo, maana siku ya Sabato hawapiki, kwa hiyo kila kitu hupikwa Ijumaa. Nikajaza beseni moja kubwa nikaviosha vyote pamoja, sufuria za nyama na za maziwa, kwa dodoki moja, vikang'aa kama vya maharusi. Bi Raheli aliporudi alishika ukingo wa meza. Kumbe vyombo vya nyama na vya maziwa kwao havikutani hata kwa bahati mbaya. Vina kabati mbili, beseni mbili, dodoki mbili. Sikufokewa. Niliambiwa tu, kwa upole wa kutisha, kwamba niketi kivulini nipumzike, nimechoka. Mtu wa kwanza duniani kusimamishwa kazi isiyo na mshahara ni mimi.

Alasiri ya Ijumaa simu ililia, na kazi zote za nyumba zikasimama.

Hapa lazima nieleze. Jumamosi ile ilikuwa inatimia mwaka, kwa mwezi wa kuandama kama tunavyohesabu sisi, tangu mke wa Mzee Daudi alipofariki. Siku hiyo mfiwa husimama akasoma sala wanayoiita Kadishi. Lakini haisomwi peke yako. Wanaume wazima wawe kumi. Wakiwa tisa haisomwi, hata wawe tisa watakatifu. Na siku yao huanza jua likizama na kwisha jua likizama. Simu ilitoka kwa mtu wa kumi, shemeji wa mzee anayeishi Tanga. Gari lake lilikuwa limeharibika Msata. Nikasimama, nikasema nitampigia mtu wa bodaboda amfikishe, lakini jua lilikuwa limeshainama, na likishazama wao hawasafiri mpaka Sabato iishe. Kwa hiyo shemeji alipanga chumba palepale Msata, penye kelele za malori na moshi wa nyama choma, akaifungua Sabato yake peke yake.

Ijumaa jioni walisali watu tisa. Jumamosi asubuhi wakasali watu tisa. Pale Kadishi ilipotakiwa kusomwa, Mzee Daudi alisimama, akaangalia mlango, akaketi. Ilibaki sala moja tu, ya alasiri.

Adhuhuri, wenyewe wakiwa wamelala kidogo kama desturi yao, mimi nilivuka kwenda kwa Bi Mwanaidi nikamweleza shida ilipo. Nakiri nilieleza kwa ufasaha wa mtu aliyefaulu Kiswahili. Bi Mwanaidi alinisikiliza mkono kiunoni, kamba wangu, aliowatunza kwenye barafu, ndiyo kwanza wanachemka motoni.

"Mke wa Daudi nimekaa naye ukuta mmoja miaka yote hii," akasema. "Leo mwaka wake, halafu watu hawatoshi? Bagamoyo hii? Hiyo ni aibu ya mtaa, si aibu yake."

Ndugu msomaji, ukitaka kujua serikali ya kweli inavyofanya kazi, mwambie bibi wa pwani kwamba hitma, kisomo cha marehemu, imekosa watu. Alituma neno kushoto, mimi nikatumwa kulia. Nilibisha kila mlango, nikaingia hata kwenye nyumba ya wageni iliyo barabarani, nikamchukua mpishi na msichana wa mapokezi. Alasiri ilipofika, ua wa Mzee Daudi ulikuwa umejaa kanzu, kofia na baibui, watu elfu moja kwa macho yangu, arobaini kwa macho ya watu wengine. Upande wa pili wa ukuta pilau lilikuwa linafunikwa.

Nikamwendea Mzee Daudi kifua mbele. Nikamwambia alitaka mmoja, nimemletea wa akiba wa miaka kumi.

Mzee aliangalia ua wake, akaangalia wazee waliovaa kofia zao za Ijumaa siku ya Jumamosi kwa ajili ya mkewe, na macho yake yakajaa maji. Akawashika mikono mmoja mmoja. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kwamba bado ni tisa, maana wanaohesabiwa ni Wayahudi tu.

Sikuwahi kuona hesabu ya namna hiyo. Nilikuwa najiandaa kumfundisha kujumlisha pale getini lilipozuka zogo. Alikuwa kijana mgeni kutoka Kanada, bukta na ndala, mwekundu kama amebanikwa, amekuja kumdai mpishi. Aliagiza samaki tangu saa sita, akasubiri, akashuka mapokezi akakuta hakuna mtu, akafuata kanzu. Mpishi alimjibu kwamba leo kuna shughuli, aingie tu, pilau lipo. Kijana akapanda kibarazani huku analalamika. Sasa, kwenye mwimo wa mlango ule kuna kijikasha chembamba chenye maandiko, ambacho Mzee Daudi na wenzake hukigusa kisha wakabusu vidole kila waingiapo. Kijana yule, huku mdomo bado uko kwenye samaki wake, mkono ukapanda wenyewe, ukagusa kijikasha, ukarudi mdomoni.

Watu wote tisa waliona. Kijana naye aliona kwamba ameonekana. Nimewahi kumwona mwizi wa kuku akimulikwa tochi. Uso ndio ule.

Mzee Daudi alimuuliza kwa Kiingereza mama yake anaitwa nani, maana kwao Uyahudi hupitia kwa mama. Kijana akataja jina, kisha akaanza kujitetea, Bi Raheli akinifasiria pembeni. Alisema yuko likizo. Alisema yeye haamini, hajaingia sinagogi tangu ana miaka kumi na mitatu, na ametafuta kwa makusudi ufukwe ulio mbali na Myahudi yeyote duniani. Mzee akamjibu kwamba hakuna aliyemwomba aamini, kuna kiti.

Hapo uvumilivu ulinishinda. Nilimwambia Mzee Daudi mbele za watu kwamba hii si haki. Hapa wamesimama watu arobaini waliokuja kwa mapenzi yao, wanaosali mara tano kwa siku, hawahesabiwi hata mmoja. Anahesabiwa huyu aliyekuja kudai samaki.

Mzee alinitazama bila ukali.

"Nyinyi mmekuja kwa hiari, mwanangu, na Mungu atawalipa. Lakini aliyekuja kwa hiari akitaka kuondoka anaondoka, na hana kosa. Huyu amekimbia mpaka Mbegani na bado hajatoka. Mimi sala hii nahitaji watu wasioweza kutoka."

Kijana alikaa. Mtu mmoja akamvika kofia ndogo ya kitambaa, akaivumilia kama mtoto anayepakwa dawa. Madirisha yakafunguliwa ili walio uani waone. Wakasali, na mwisho Mzee Daudi akasimama peke yake. Sauti ilianza ndogo. Maneno si ya Kiarabu lakini yana undugu nacho, unahisi unayajua mpaka yanakuponyoka. Alipofika mahali pa kutua, wenzake ndani wakaitikia, amen, na uani kote, bila kuambiwa na mtu, wazee wa Bagamoyo wakaitikia amina. Mzee akatupa jicho dirishani. Akaendelea. Kila alipotua, ndani amen, nje amina, Bi Mwanaidi akiongoza upande wa wanawake kwa sauti ya kufika Unguja. Mara ya tatu nilimwona kijana wa Kanada akiitikia naye. Mara ya mwisho alikuwa anafuta uso kwa kofia, akasingizia jasho.

Tulikula upande wa Bi Mwanaidi. Mzee Daudi na watu wake hawakugusa pilau, maana nyama haikuchinjwa kwa sheria yao, lakini walikaa nasi mkekani wakala ndizi na mananasi ya Shomari mpaka magharibi. Kijana alipata samaki wake, akala na kamba pia. Hakuna aliyemkataza. Bi Raheli aligeuza uso tu.

Jumapili nilirudi na lori lilelile. Shomari alitaka kujua nimevuna nini, nami nikamsimulia mpaka Fukayosi, idadi ya watu uani ikiongezeka kila kijiji tulichopita. Nilikusudia kuwaandikia hapa mafunzo makubwa kuhusu udugu wa mataifa. Lakini niliposhuka, kabla sijafika kwangu, mjomba wangu Mwinyimvua alikuwa amesimama kwenye uchochoro wa msikiti.

Hakuniuliza safari wala Wayahudi. Alisema zamu yangu ya kujaza maji ya udhu ilikuwa Ijumaa, wazee wametawadha kwa vikombe, na wamenipangia leo, kesho na keshokutwa. Nilimweleza kwamba nilikuwa najitolea kwa watu.

"Huko ni huko," akasema. "Hapa una zamu."

Nikaweka brashi zangu chini ya ukuta, nikachukua ndoo.