Tangazo Katikati ya Gitaa

Gazeti lilimpa mistari mitatu. Niliihesabu ndani ya treni ya chini kwa chini, nikitoka Akalla, pembezoni mwa Stockholm, kwenda kazini: mpiga gitaa wa Uingereza amefariki, alikuwa kwenye bendi fulani ya roki, mwimbaji wa bendi hiyo anajulikana zaidi. Hata katika mistari mitatu ya kifo chake, mmoja ulikwenda kwa mwimbaji.

Ndivyo alivyoishi pia. Kwenye picha zote amesimama kushoto, karibu na ngoma, kichwa ameinamisha kama mtu anayetafuta funguo sakafuni. Hakuruka jukwaani wala hakuvunja gitaa. Watu walinunua santuri za bendi ile kwa ajili ya mwimbaji, na wengi hawakujua kwamba sauti iliyowafanya warudie wimbo mara ya pili ilitoka kwa huyu wa kushoto.

Sisi tulijua. Tulikuwa kundi dogo tukikutana kila Jumapili mchana katika chumba cha chini ya jengo, kusini mwa Stockholm. Wakati huo simu yangu ilikuwa bado ya vitufe. Utaratibu wa Sweden ni kwamba watu wachache wakitaka mahali pa kupigia muziki, wanajiandikisha kuwa kikundi cha kujifunza. Wanapewa chumba, ngoma, spika na birika la kahawa, na wanachodaiwa ni kuwa na kiongozi na kujaza karatasi ya mahudhurio. Mimi sipigi chombo chochote. Niliingia kwa sababu niliupenda muziki ule tangu nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, nikabaki kwa sababu nilijaza karatasi vizuri.

Kiongozi wetu alikuwa Mswidi mstaafu, zamani fundi wa reli, mrefu na mkimya. Alikuwa na daftari la jalada jeusi ambamo alikuwa ameandika, kwa miaka mingi, kila nota ambayo marehemu aliwahi kurekodi. Ukikosea hakukukemea. Aligonga daftari kwa penseli mara mbili, nawe ulirudi mwanzo.

Rafiki yangu mmoja nilimleta mimi. Alikuwa Mrundi, dereva wa basi, akiishi Upplands Väsby, nje ya mji, na mkewe na binti zao wawili. Nilimjua siku niliyobaki abiria wa mwisho kwenye basi lake, nikamwona anagonga usukani kwa vidole, na mdundo wa bendi ile nikautambua. Kanisani alipiga gitaa la besi, kwa sababu kwaya ilikuwa tayari na wapiga solo wawili waliokuwa hawasemezani. Lakini kwa kila aliyekutana naye alisema kwamba wimbo mmoja wa yule Mwingereza anaujua kutoka mwanzo mpaka amina: ule wa polepole, ambao katikati yake mwimbaji ananyamaza na gitaa linabaki peke yake. Alijifunza wimbo huo Bujumbura, miaka ya themanini, kwenye kaseti aliyoirekodi redioni. Santuri hakuwahi kuinunua.

"Ya nini, ndugu yangu? Ninayo hapa," aliniambia, akigonga kichwa.

Basi marehemu alipofariki, kikundi kiliamua kufanya Jumapili moja ya kumkumbuka na kuwaalika mashabiki wengine wa mjini. Kiongozi aliuliza nani atapiga wimbo ule wa polepole. Rafiki yangu aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Siku ya mazoezi alianza vizuri, na vizuri sana. Mpiga ngoma, mwalimu wa hisabati, alinikonyeza. Kisha solo ilipofika katikati, penseli ikagonga mara mbili.

"Hapa sivyo," alisema kiongozi.

Rafiki yangu alirudia. Penseli ikagonga tena.

"Nimeipiga hivi miaka ishirini na zaidi," alisema rafiki yangu.

Kiongozi hakubishana. Alitoa santuri kwenye jalada, akaifuta kwa mkono wa shati, akaweka sindano. Tulisikiliza. Pale penseli ilipogonga, gitaa la marehemu lilipiga nota chache tu, ndefu, zenye nafasi kati yake. Hazikufanana hata kidogo na za rafiki yangu, ambazo zilikuwa nyingi, fupi, zinapanda na kushuka. Nilimtazama. Alikuwa ameshika shingo ya gitaa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba yao ikiwa na watu wengine ndani.

"Una wiki mbili," kiongozi alisema kwa upole. "Ikiwa haitawezekana, nitapiga mimi. Kwa heshima yake inabidi iwe sawa."

Kwenye treni, tulipita vituo vitatu. Ndipo rafiki yangu akaniambia. Siku aliyorekodi kaseti ile, solo ilipofika katikati, mtangazaji wa zamu alishusha muziki akasoma tangazo la kifo kwa Kiswahili. Familia fulani ilikuwa inawataarifu ndugu walioko mikoani kwamba baba yao amefariki, mazishi ni kesho, waharakishe. Chini ya sauti yake zilisikika ngoma tu. Tangazo lilipokwisha muziki ukapandishwa, na solo ilikuwa inamalizia.

"Sasa ningefanya nini? Sikujua gitaa lilisema nini pale. Nikafuata sauti ya yule bwana. Alipopanda nilipanda, alipovuta pumzi na mimi nilivuta." Alicheka kidogo, bila furaha. "Miaka yote najisifu kwamba namjua Mwingereza. Kumbe namjua mtangazaji."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake. Nilimkuta sebuleni na santuri ya kuazima, amekwishajifunza. Vidole havikukosea hata nota moja. Lakini alipiga kama mtu anayesoma barua ya ofisini.

"Kesho kutwa nitampigia simu yule mzee," alisema. "Apige yeye. Ni mtu wake."

Mkewe alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mlango ulikuwa wazi.

"Baba watoto, huyo mtu amekufa au hajafa?"

"Amekufa."

"Gazeti lilimtangaza?"

"Mistari mitatu," nilisema mimi.

"Mistari mitatu ni tangazo la kitambulisho kilichopotea." Alisimama mlangoni na mchi wake. "Mtu kafa, tangazo halijasomwa. Wewe tangazo unalo, umelibeba miaka yote hiyo, tena limekuja na wimbo wake mwenyewe. Halafu unataka kumwachia Mswidi apige?"

Kutoka chumbani binti mkubwa alisema kwa Kiswidi kwamba anajaribu kusoma. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba asome kimyakimya, hapa kuna msiba.

Neno hilo msiba lilisafiri. Jumapili ya kumbukumbu, mashabiki Waswidi walikuwa wamekwishaketi na vikombe vyao, wamevaa fulana zilizofubaa za bendi, mlango ulipofunguliwa na wakaingia Warundi tisa kutoka Tumba, kitongoji cha kusini mwa mji. Wanaume walivaa suti nyeusi, kina mama vitenge, na walibeba sufuria mbili zilizofungwa kwa taulo. Mke wa rafiki yangu alikuwa amewaambia kuna msiba, nao hawakuuliza zaidi. Walipita mstari kwa mstari, wakimshika mkono kila Mswidi. "Poleni. Poleni sana."

Kiongozi alinivuta pembeni. "Wanasema nini?"

"Wanakupa pole kwa kufiwa."

"Mimi?"

"Si ulimpenda?"

Aliutazama mkono wake. "Hakuna aliyenipa pole," alisema. "Nilimwambia dada yangu kwamba amefariki, akaniuliza ni nani."

Wimbo wa polepole uliwekwa mwisho. Rafiki yangu alisimama, na nilikuwa mimi tu na mkewe tuliojua anachokusudia. Alipiga kwanza kama ilivyo kwenye santuri. Kiongozi alifuata kwa penseli kwenye daftari, mstari hadi mstari, na penseli haikugonga. Watu walipiga makofi, tena kwa moyo. Pale angeweza kuketi, na heshima yake ilikuwa imerudi yote.

Hakuketi. Aliwaeleza, kwa Kiswidi chake cha polepole cha kuwatangazia abiria kwamba njia imefungwa, habari ya kaseti na mtangazaji. Alisema kwao mtu akifa redio husimamisha muziki. "Huyu alitangazwa kwa mistari mitatu," alisema. "Naomba nimtangaze."

Alimgeukia kiongozi. Chumba kizima kiligeuka. Mzee yule alifunga daftari, akaliweka juu ya kiti chake, akasimama.

Kwa hiyo wote tulisimama.

Rafiki yangu alianza tena. Alipofika katikati alimpa ishara mpiga ngoma, vyombo vingine vikashuka, zikabaki ngoma chini kabisa, kama kwenye kaseti. Gitaa likaanza kusoma. Nilisikia likiitaja familia. Nikasikia majina ya mikoa yakifuatana, kila moja na pumzi yake, na ile hima ya sauti ya mtu anayejua kwamba barabara ni ndefu na mazishi ni kesho. Waswidi hawakuyajua maneno, ila walijua wanaitwa. Mwalimu wa hisabati alikuwa analia huku akipiga. Gitaa lilipofika mwisho, pale kila tangazo la aina ile linapofikia, nilisikia midomo ya watu wa Tumba ikisema chini chini, na yangu pia, nisijue ilianza saa ngapi: habari ziwafikie ndugu na jamaa, popote walipo.

Kisha vyombo vyote vikapanda, naye akatoka kwenye tangazo na kuingia kwenye nota za marehemu bila mshono, mkono wake ukienda kama unateremka mlima. Mama mmoja wa Tumba alipiga kigelegele. Waswidi walimtazama kwa mshangao kwa sekunde moja, halafu wakapiga kelele kama watu waliofunguliwa. Aliombwa arudie, akarudia. Mara ya tatu watu wa Tumba waliimba tangazo kwa sauti, suti na vitenge vikiyumba, na shabiki mmoja mwenye fulana iliyofubaa akauliza kama anaweza kufundishwa yale maneno.

Sombe ililiwa pamoja na mikate ya mdalasini. Mke wa rafiki yangu alizunguka na sahani akiwa na uso wa mtu asiyehitaji kuambiwa kwamba alikuwa sahihi.

Nilikuwa mezani najaza karatasi ya mahudhurio kiongozi alipokuja. Mkononi alikuwa na daftari jeusi, limefunguliwa kwenye ukurasa mtupu, na alimwita rafiki yangu aje na gitaa lake.

"Kuanzia pale alipoanza kusoma," alimwambia. "Polepole. Nataka kuandika kila kitu."

Kabla hajaketi, alivuta karatasi yangu, akatafuta mstari wa juu ambapo jina lake lilikuwa likiandikwa tangu chumba kile kifunguliwe, akalikata kwa penseli. Kisha akamuuliza dereva wa basi jina lake lote linaandikwaje.

Rafiki yangu alimtajia herufi moja moja. Mzee aliandika kwa mkono wake, kwa umakini ule ule wa nota, kwenye mstari wa kiongozi.