Kinyago Kilichovuliwa Siku ya Ndege Kubwa

Aliyesababisha fedheha iliyompata mkulima mmoja wa Chilangala, siku ndege kubwa ya abiria ilipotua kwa mara ya kwanza, ni afisa itifaki wa kamati ya mapokezi. Si mlinzi wa getini, si dereva wa basi letu, wala si wazee wa Newala waliopokea mwaliko kwa moyo mweupe. Ni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeahidi, nami nilikuwapo alipoahidi. Nalitanguliza hili kwa kuwa tangu siku ile nimeona lawama ikizungushwa kama kata ya togwa kwenye ngoma: kila mmoja anaionja kidogo, kisha anampa wa pembeni.

Utumishi wangu wote nilikuwa Katibu Tarafa, kwanza Newala nilikozaliwa, baadaye Masasi, ambako nimestaafia na kujenga. Hadi leo nikipita sokoni naitwa Bwana Tarafa. Ndiyo maana afisa huyo alipofika Masasi kutafuta kikundi cha ngoma cha kuipokea ndege, aliletwa kwangu, nami nikampeleka Newala kwenye kikundi cha kwetu. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye heshima za mdomoni. Alitusimulia ukubwa wa ndege hiyo mpaka mzee mmoja wa kikundi akamuuliza kama itabakiza mahali pa watu kusimama. Tulicheka, naye akacheka. Kisha akasema anataka midimu.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, midimu ni ngoma ya vinyago inayochezwa vijana wanapotoka jandoni. Anayecheza hufunikwa mwili mzima, asionekane hata kidole, na uso wake ni kinyago cha mti. Akishavaa, yeye si mtu tena. Ni mzimu uliokuja kuwapokea watoto. Hana jina, na hasemi neno, kwa maana wafu hawasemi. Wanawake na wasiopita jando hawatakiwi kujua nani yumo ndani.

Wenye elimu ya mjini husikia hayo wakatabasamu. Wanauliza, inakuwaje mke asimjue mume wake? Anamjua. Mama yangu mzazi alikuwa na kaka yake aliyecheza midimu, na alimtambua kwa jinsi alivyokanyaga ardhi. Lakini kinyago kilipopita mbele yake, aligeuza uso na kujifunika khanga kama wenzake. Jioni mjomba alipokuja nyumbani ameishiwa nguvu, mama alimwambia, “Pole, kaka, shamba lilikuwa gumu leo.” Naye akajibu, “Gumu kweli, dada.” Hakuna aliyedanganywa pale. Heshima ya watu wazima ndiyo hiyo: kulijua jambo na kulifunika pamoja. Nimeongoza mikutano mingi sana ya serikali, na sijaona adabu iliyozidi ile ya mama yangu.

Kwa hiyo nilimweleza afisa masharti, mbele ya wanakikundi wote. Nilimwambia kwamba mchezaji apewe chumba cha kuvalia, chenye mlango. Kama kuna ukaguzi, na lazima uwepo, ukafanywe humo humo na wanaume, kabla hajavaa. Siku za utumishi wangu, viongozi walipokuja Newala, nilisimamia mwenyewe ujenzi wa uzio wa nyasi kwa ajili hiyo, na askari walikagua kila kitu ndani ya uzio bila ugomvi. Usalama na heshima havijawahi kugombana kwangu.

“Mzee wangu, hilo ni dogo,” alisema. “Chumba kipo. Hilo niachie mimi.”

Mkulima wa Chilangala ninayemzungumzia alikuwa ameketi nyuma, mtu mzima, mpole, mwenye mikorosho michache na kipara kinachong’aa. Yeye ndiye aliyekuwa akicheza kinyago, kama alivyocheza mjomba wake kabla yake. Tulipotoka mkutanoni alinivuta pembeni.

“Shikamoo, Bwana Tarafa. Chumba kipo kweli?”

“Marahaba. Ameahidi mbele yetu sote.”

“Maana wapwa zangu wako jandoni sasa hivi. Wakitoka, mimi ndiye wa kuwachezea. Dada yangu hana kaka mwingine.”

Nilimwambia asiwe na shaka. Nilisema hivyo kwa sababu afisa wa serikali alikuwa ametamka ahadi, na mimi nililelewa katika utumishi ambao neno la afisa lilikuwa na uzito.

Siku yenyewe tulifika asubuhi kwenye uwanja mkubwa wa ndege, mbali na kwetu, miili ikiuma kwa safari. Afisa alitupokea akiwa na simu mbili, akizungumza kwenye zote. Nilimuuliza chumba. Alinionyesha mlango, nikaufungua. Chumba kilikuwa kimejaa katoni za maji ya kunywa ya wageni, kuanzia sakafuni hadi darini, wala hapakuwa na nafasi ya kuingiza mguu.

“Mzee, vaeni huko nje nyuma ya basi,” alisema. “Mtapita tu, nimeshaongea na watu wa getini.”

Hakuwa ameongea nao. Hilo nililithibitisha baadaye kwa mlinzi mwenyewe, aliyeniapia kwamba hakuna aliyemwambia lolote kuhusu kinyago. Namwamini. Alikuwa na kazi yake, na kazi yake ilikuwa kutomruhusu mtu aliyefunika uso apite.

Tulimvalisha nyuma ya basi, wazee wakishika mashuka kama ukuta. Akatoka akiwa mzimu. Wanawake wa kikundi wakageuka na kujifunika, ngoma ikaanza kulia taratibu, tukaelekea getini.

“Wewe, jina lako nani?” mlinzi aliuliza.

Kinyago kimya.

“Nakuuliza wewe! Toa hicho kitu usoni.”

Kinyago kilisimama kama mti. Watu wa mjini hawakuelewa kwamba angeweza kukwepa fedheha yote kwa neno moja tu la kibinadamu, na kwamba neno hilo ndilo asiloweza kulitoa. Akishavaa hasemi. Nilijipenyeza mbele nikipaza sauti kwamba mimi nitamjibia, tupewe pembe yoyote ya ukuta akaguliwe huko. Nilimwita afisa. Alikuwa hatua chache kutoka kwetu, akipanga zulia, akaninyooshea kiganja kwamba nisubiri.

Mlinzi alidhani anadharauliwa. Akanyoosha mkono, akakivuta kinyago.

Kipara cha mkulima wa Chilangala kilitokea juani mbele ya kamera zilizokuwa zikiisubiri ndege. Mama mmoja wa kikundi chetu alipiga ukelele kama wa msibani. Wengine waliinama, khanga usoni, wasitake kuona walichokuwa wamekiona. Kijana mwenye kamera alicheka, “Kumbe mzimu una kipara!” na wenzake wakaangua kicheko. Mkulima hakuinua mikono kujificha. Alifumba macho tu, na mdomo wake ulibaki umefungwa. Hata hapo hakusema.

Mzee mmoja alivua shati lake akamfunika kichwa, tukamrudisha kwenye basi. Hapo ndipo afisa alipopata nafasi ya kuja.

“Basi akivae tena, mambo yaishe,” alisema. “Ndege inakaribia.”

Nilimuuliza kama kwao maiti hufunuliwa sanda watu wakaitazama, kisha ikafungwa tena mambo yakaisha. Akasema si wakati wa mihadhara.

Ndege ikatua. Sitaki kuwa mtu wa chuki hata nikaificha kweli: ilikuwa kitu cha ajabu. Ilishuka polepole mno kwa mwili ule, nikadhani itasimama hewani. Magari ya zimamoto yalijipanga pande mbili yakarusha maji juu, ndege ikapita chini ya tao la maji, na watu wakapiga makofi.

“Wanaiosha ya nini?” mama mmoja wa Newala aliniuliza. “Mbona haina vumbi?”

“Hawaioshi, mama. Ndiyo heshima ya ndege ikija mara ya kwanza.”

Aliyatazama maji yakitiririka kwenye lami. Kwao ndoo hupangwa foleni tangu alfajiri. “Kumbe heshima wanaijua,” alisema.

Neno hilo sijalisahau. Chombo cha chuma kilikuwa na itifaki yake, kilipangiwa magari, watu na saa, na hakuna aliyesema hilo ni dogo. Mtu wetu hakupata hata pembe ya ukuta.

Picha ya video ya tukio lile ilitufikia nyumbani kabla ya basi letu. Kamati yenyewe iliiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, pamoja na kicheko cha watu wa kamera. Makungwi wa Chilangala walikutana. Hawakumtukana, hawakumfukuza, ila walimwambia kwamba uso ulioonekana hauwezi kuwatokea watoto. Wapwa zake walipotoka jandoni, kinyago kilichezwa na mtu wa kuombwa kutoka Tandahimba. Nilihudhuria. Mjomba wao alisimama pembezoni mwa uwanja, na kinyago kilipopita aligeuza uso ukutani pamoja na wanawake. Dada yake alikuwa karibu naye. Alipomwona, alivua khanga yake ya mabegani akamfunika nayo.

Nilimfuata afisa ofisini kwake. Alinikaribisha kiti, akaniambia, “Mzee, usalama ni usalama, na ile ni ngoma tu.” Nilimkumbusha chumba. Akasema hakumbuki kama aliahidi.

Nimewauliza makungwi kama jambo hili lina dawa. Wamenijibu kwamba ipo, nayo ni ya zamani: aliyefunua ndiye afunike. Mtu aliyesababisha aje mwenyewe, akae mkekani, akiri kwa mdomo wake, ndipo kinyago kioshwe na mwenyewe arudishiwe. Wapwa wadogo wa mkulima huyu wataingia jandoni msimu ujao.

Kwa hiyo natamka rasmi, kama raia na kama mtumishi mstaafu. Nataka picha hiyo iondolewe katika ukurasa wa kamati. Nataka kamati itoe maelezo ya maandishi kuhusu nani aliyeamua chumba kilichoahidiwa kiwekwe katoni za maji, na kwa nini walinzi hawakupewa taarifa. Na nataka afisa itifaki, yeye mwenyewe, bila mwakilishi, afike Chilangala mchana kweupe kabla ya msimu wa jando, akae mbele ya makungwi na mbele ya mkulima aliyemfedhehesha, aseme: niliahidi, sikutimiza.