Agnella Aziba Mfereji

Agnella wa kijiji cha Mchombe alipofiwa na mumewe, alianza kupanda viazi vitamu katika jaruba alilomwachia, kila akishavuna mpunga. Mwaka wa kwanza alimsikiliza shemeji yake Ponsiano: akamwaga mbolea nyingi ya urea na kufungulia maji ya mfereji kila mara. Majani yalistawi hata matuta yakafichika, lakini chini alichimbua mizizi mitupu na viazi vya majimaji vilivyopasuka.

Kiangazi kilichofuata alitia samadi kidogo, na maji aliyafungulia pale tu udongo ulipokauka. Ponsiano alipoona majani haba, alikuja kufungulia mfereji mwenyewe.

"Shemeji, unaliua shamba la kaka yangu!"

Agnella alishuka mferejini, akauziba kwa tope mbele ya majirani waliokuwa wakicheka.

"Shamba ni langu sasa. Likifa, nitalizika mimi."

Ponsiano alinuna hadi siku ya mavuno. Viazi vingine vilitoka vidogo, vingi vinene, vyote vya unga na vitamu. Agnella alimpelekea sinia la vilivyochemshwa. Ponsiano alikula, kisha akauliza, "Msimu ujao nije nikusaidie?"

"Karibu sana. Lakini mwenye kuamua ni mimi."