Ubao wa Bitutu

Orpah Nyanchama aliuza mboga soko la Birongo miaka ishirini na sita, na kwa jasho hilo akanunua kipande cha shamba kando ya barabara. Hakuna shemeji aliyemchangia. Nasema mapema kwa sababu siku ya mazishi yake walisahau wote.

Alizaa mtoto mmoja tu, Bitutu, naye hakuwa anasikia. Watu wa mume wake walikataa apelekwe shule. "Atasoma na masikio gani?" Mtoto akakaa jikoni. Akiwa na miaka kumi na mbili alishika tumbo siku tatu, hakuna aliyeelewa mikono yake inasema nini, na siku ya nne akafa.

Orpah alipojua ugonjwa wake hauponi, alinipeleka mimi jirani yake kwa wakili Kisii nikawe shahidi wa wasia. Shamba liende kwa shule ya msingi ya hapa, lijengwe darasa la watoto wasiosikia, na jina la Bitutu liandikwe nje. "Nje, Mama Lynette," alirudia. "Mahali watu wanapita."

Siku ya mazishi mwalimu mkuu, Haron, alisoma hayo maneno. Shemeji mkubwa wa Orpah, Zachariah, akainuka.

"Bitutu ni nani?"

Mke wake akamvuta koti. "Si yule bubu, Baba Mathew."

Kuna waliocheka, kaburi likiwa bado wazi.

"Huyo! Hakuolewa, hakusema hata neno moja, ndiye mtamwandika barabarani wageni waseme kwetu tunazaa mabubu? Mwalimu, andika jina la baba yetu, Omosa, na hatutakusumbua. Ukiandika hilo lingine, mtajenga mchana, sisi tutabomoa."

Haron alikunja karatasi. Niliona anaelekea kukubali. Yeye alitaka darasa tu.

Nikasimama. "Mzee, niliweka sahihi kwa jina la Bitutu. Siwezi kuligeuza mbele ya Mungu."

"Wewe uliachia darasa la saba. Keti chini!"

"Nitaketi. Lakini wakiniita kortini, nitasema nilichosikia."

Haron akaikunjua tena ile karatasi, akasoma mpaka mwisho.

Wazazi walifyatua matofali, darasa likasimama, ubao wenye jina la Bitutu ukawekwa nje, na sasa watoto kumi na mmoja wanasoma humo. Watu wa Zachariah hawanisalimu. Wanawake wa boma lao wakinikuta chemchemini hunigeuzia mgongo. Mara tatu ubao umepakwa mavi ya ng'ombe. Simtaji mtu, sikuona. Kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, naenda na ndoo na brashi.

Ijumaa iliyopita Zachariah alinikuta hapo.

"Bado unamwosha huyo Bitutu wako?"

"Bado, Mzee."

Akatema mate karibu na mguu wangu, akaenda zake. Aliishi na yule mtoto boma moja miaka kumi na mbili, na mtoto akiwa hai sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Nikachovya brashi, nikaendelea kusugua.