Mawe Niliyoyaogesha Ibra

Siku yangu ya kwanza kazini ng'ambo, mjini Ibra, niliyaogesha mawe. Msicheke bado, wanangu.

Uashi nilijifunza Unguja, kwa mawe ya matumbawe. Tumbawe lina kiu. Usipolichovya kwanza, hunyonya maji yote ya chokaa na ukuta hupukutika. Basi nilipopewa ukuta wa nyumba kongwe na siku tatu za majaribio, nilijaza pipa nikachovya jiwe moja moja. Mke wangu alikuwa mja mzito na tulikuwa tunakaa kwa shemeji. Kazi ile ndiyo ingetutoa pale.

Alasiri ukuta ukaanza kuteleza. Jiwe la mlimani halinywi. Maji yalibaki usoni mwake, udongo wa kujengea ukawa uji, na safu tatu zikashuka chini taratibu, bila kelele.

Mkuu wa mafundi, mtu wa Ibra aliyekulia Unguja, alilizunguka rundo lile mara mbili, mikono nyuma.

"Fundi, umeyatawadhisha yote haya?"

"Yote, ustadh."

"Ndiyo maana yamesujudu."

Kicheko kilienea uwanja mzima. Nikamwambia kweli: jiwe la mlimani sikuwahi kulijenga, anipeleke chimboni nikalijue. Akakubali, ila siku ni zile zile tatu.

Chimboni mkata mawe mmoja alinionyesha mlalo, yaani matabaka ya jiwe kama lilivyolala mlimani tangu kuumbwa. Ukiufuata, kabari mbili hulifungua kama kitabu. Ukutani nako hulazwa vivyo hivyo, kavu.

Siku ya tatu ukuta ulinifika mabegani. Mkuu hakupima kitu. Alipanda juu, akakaa kwa uzito wake wote, akaagiza kahawa. Kikombe cha pili akaniteremshia.

"Panda. Ukianguka, tunaanguka sote."

Haukuanguka. Mwezi ule ule tukahama kwa shemeji.

Baadaye nilipelekwa Al Hamra, kwenye matofali ya udongo, kisha Sur, ambako nilikutana tena na matumbawe nikafurahi kama nimeona ndugu. Nizwa nikawa mkuu wa mafundi, na huko nikastaafu.

Mimi pia nimekunywa kahawa juu ya kuta za vijana wengi. Zilizoanguka nami ni mbili, na goti langu la kushoto halijazisahau. Mafundi wa kuta hizo, wote wawili, walibaki kazini.