Likizo Tulizokaa Chuoni na Mama

Mwezi huu nimeanza masomo katika chuo kikuu kile kile cha Machakos alikosoma mama yangu, na asubuhi ya kwanza nilikwenda na binti yangu. Tulipopita kantini nikasikia harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, na mara nikawa mtoto wa darasa la nne tena, mdogo wangu mgongoni, nikimfuata mama mbio mbio.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mitaboni. Walimu wengi walisomea digrii wakati wa likizo: shule ikifungwa, wao wanafungua vitabu. Lakini shule ikifungwa, watoto nao wako nyumbani. Baba alikuwa kazini kwenye ranchi za ng'ombe huko Konza, na susu, nyanya yetu aliyekuwa akitulea, alikuwa ametutoka mwaka ule. Basi mama akakodi chumba Mumbuni, karibu na chuo, akatubeba pamoja na sufuria zake.

Ukiniuliza Agosti ya Machakos ikoje, nitakwambia ni baridi, ukungu juu ya vilima vya Iveti, na manyunyu yasiyotaka kukoma. Kazi yangu ilikuwa kukaa kibarazani nje ya darasa, kumbembeleza mdogo wangu na kulinda chupa ya uji. Mhadhiri wao alikuwa mwanamke mrefu wa suti na viatu vya visigino. Viatu hivyo vikisikika, wanaume wazima na ndevu zao walinyamaza.

Siku ya kwanza alitutazama, kisha akamwambia mama, "Mwalimu, hapa si nasari."

"Najua, mwalimu," mama akajibu polepole. "Lakini sina pa kuwaacha."

Mhadhiri akaingia darasani. Tangu hapo tulihamia nyuma ya jengo, tusionekane. Jioni mama akichagua maharagwe alikuwa akisema, "Nikianguka huu mtihani, narudi kulima. Sitajaribu tena." Hakuwa anatania.

Asubuhi ya mtihani mdogo wangu aliamka na joto mwilini, anaota meno. Mama alisimama mlangoni mwa ukumbi. "Niuache mtihani?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

"Ingia, nitamshika," nikasema.

Nilijaribu uji, akautema. Nilijaribu nyimbo za Sunday school, akazidi kulia. Dirishani nikamwona mama ameweka kalamu chini na kuanza kukusanya vitu vyake. Halafu nikasikia visigino. Mhadhiri alikuwa amemwachia mwenzake usimamizi, anakuja moja kwa moja kwetu. Nikajua tumefukuzwa.

"Mtoto ako na nini?"

"Meno, mwalimu."

"Lete hiyo leso unayombebea."

Alivua koti la suti, akanipa nilishike. Akainama, akamweka mdogo wangu mgongoni na kufunga leso kifuani. Kisha akavua viatu, visisumbue walio ndani, akatembea peku kwenye saruji ile ya baridi, akienda na kurudi, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa Kikamba ambao susu alikuwa akituimbia. Alipopita dirishani alimtazama mama na kumwonyesha karatasi kwa kidevu. Mama akaichukua kalamu. Aliandika huku akilia.

Mama alipotoka alinyosha mikono. Mhadhiri alimrudishia mtoto aliyelala fofofo.

"Wangu niliwaacha kwa nyanya yao miaka yote niliyosoma," akasema akivaa viatu. "Mpaka leo yeye ndiye wanamwita mama. Usiwaache."

Tuliporudi Desemba, stoo moja ya viti vibovu ilikuwa imefunguliwa na kufagiliwa. Wanafunzi akina mama walileta mikeka, wakawa wanapokezana, mmoja akibaki na watoto wote, wengine wakiingia darasani. Stoo ile ilinuka chaki, uji na nepi, na sijawahi kupapenda mahali pengine hivyo. Mama alimaliza. Siku ya mahafali tulikaa kwenye nyasi tukala chapati baridi, naye akamvisha mdogo wangu kofia yake ya digrii.

Stoo ilibomolewa, sasa wanaegesha magari pale. Mhadhiri alistaafu akarudi kwao, na wale akina mama wa mikeka sijui walitawanyikia wapi. Siku hizi kuna chumba cha watoto kilichopakwa rangi, kina vitanda vidogo na mlezi aliyeajiriwa. Mlezi mwenyewe ni msichana tu. Nilitaka kumsimulia habari za stoo, lakini alikuwa na watoto wawili mapajani na wa tatu anamvuta sketi.

"Mama, wewe nenda tu darasani," akaniambia.

Binti yangu alikuwa ameshaona midoli, hata hakugeuka. Nikaenda, mikono mitupu, na kwa muda sikujua niiweke wapi.