Mgongo wa Dastani

Kaka yangu Dastani alichoka miaka mingi kabla watu hawajamruhusu kuchoka.

Mieleka aliianzia kiwandani Masasi, enzi kiwanda cha korosho kina timu ya kila kitu, mpira, kwaya, ngoma. Mchana alibeba magunia, jioni alibeba wanaume wenzake na kuwabwaga. Kiwanda kilipofungwa, magodoro ya mazoezi yaliondoka na wale wanaojua kuondoka na vitu. Yeye akarudi kwetu Newala na bukta nyekundu na goti linalolia kama bawaba.

Ikaja ruksa, kila mwenye fedha anunue korosho. Wanunuzi binafsi wakapanda huku juu na mizani zao. Mmoja wao, Husseni wa Masasi, mtu mwenye maneno kuliko magunia, aligundua kwamba mkulima kwenye mizani anasitasita, lakini kwenye mieleka anakuja mbio na mkewe. Basi kila msimu wa korosho akawa anamlipa Dastani apigane, leo Newala, keshokutwa Tandahimba, wiki nyingine Masasi. Mwili ndio ukawa kazi. Hakuna aliyemlaza chali. Watu waliona sifa. Wifi yangu Severina, aliyekuwa akimkanda mgongo kwa maji ya kununua, aliona mtu anayeisha.

Goti lilipokataa kukunjika vizuri, akafungua darasa nyuma ya nyumba. Mkeka wake ulikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu ya mkorosho. Mazoezi yenyewe, ashuke kijana bondeni, achote maji, apande ule mlima na ndoo kichwani. Sisi wanawake tuliwapisha njiani tukiwauliza wameolewa nyumba gani. Wakapanda tu. Wao walipata mapaja, Severina akapata maji, na kwa Newala hiyo ni ndoa ya kuonewa wivu.

Lakini ualimu haukumpa mapumziko. Huku kwetu bingwa haachi mieleka kwa kutangaza. Anaacha siku mgongo wake umegusa ardhi mbele za watu. Kabla ya hapo, akisema amechoka, wanasema amekimbia, na mwenye kutaka jina anamfuata hata nyumbani. Asubuhi moja alikuja mtu wa Tandahimba kubisha hodi, Dastani ana homa, blanketi mpaka shingoni. Alitoka na homa yake, akambwaga kwenye majivu ya jikoni, akarudi kulala. Siku hiyo alimwambia mkewe kwamba hataki kingine duniani ila alazwe, aachwe. Ila asilazwe na mgeni, maana vijana wake wote wangemfuata huyo mgeni, na darasa lingekufa.

Wa kumlaza alikuwepo. Mujibu, mwanafunzi wake, Myao wa Chiwata, mrefu, mpole, kiuno kama mzizi. Walikutanishwa Masasi. Mujibu alimpata vizuri kabisa, akamwinua, kilichobaki ni kumwachia aanguke. Akamshusha kwa miguu, taratibu, kama mtu anayetua mtungi wa mwenzake. Uwanja mzima ukacheka. Dastani alirudi na basi.

Nyumbani alimuuliza kijana anamfanyia nini. Mujibu alikuwa amechuchumaa, macho chini.

"Mwalimu, mkono wenyewe unakataa. Kila asubuhi nakupa shikamoo. Mtu wa shikamoo nimwangushe chali mbele ya mama yangu?"

Severina alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Baba Flora, uliwafundisha adabu mno. Ungewafundisha mieleka tu, leo ungekuwa umelala."

Sasa jambo moja ulijue kuhusu kaka. Ndevu zilikuwa nyeupe, anazinyoa kabla jua halijatoka. Flora, binti yao, alikuwa na mtoto anayetembea, na mtoto yule alifundishwa amwite Baba Mkubwa. Ukitaja neno babu nyumba ile, chai hupewi. Miguu inaburuzwa, lakini babu hapana.

Msimu ukarudi, Husseni akawapanga tena, safari hii Newala, vumbi jekundu na watu mpaka juu ya kuta. Mujibu akaingia, akainama kama kawaida yake.

"Shikamoo, mwalimu."

Dastani hakuitikia. Akamtazama, akatutazama sisi tuliokuwa na Severina, kisha akasema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa:

"Mwalimu wako hakuja. Aliyekuja ni babu yako. Nasikia unamtaka mke wangu."

Kicheko kikaanzia kwa wazee, kikaenea, kwa sababu kila mtu pale ana babu, na anajua babu na mjukuu wanatukanana, wanavutana nguo, wanagombea bibi, na hakuna anayekosa adabu. Mujibu alichelewa kuelewa. Alipoelewa, akainuka.

"Bibi namchukua leo," akasema. "Wewe babu hata meno huna, atakula na nani?"

"Njoo umchukue basi."

Wakashikana. Dastani hakulegeza, angelegeza tungeona. Alimsukuma Mujibu mpaka ukingoni, goti likilia. Kisha ngwala ikapita, kiuno kikageuka, na kaka yangu akaenda chali, mabega yote mawili, vumbi likapanda.

Hakuinuka. Watu wakaanza kusogea, Mujibu keshapiga magoti anamshika mkono. Severina akawazuia.

"Mwacheni," alisema. "Anapumzika huyo."

Kweli, macho yalikuwa wazi, anaangalia juu.

Darasa lipo, Mujibu analiendesha, maji yanapanda bado. Wabishao hodi kutafuta bingwa Severina anawaelekeza kwa Mujibu. Hapa, anawaambia, yupo babu tu. Watoto, wachuuzi, hata wanawake aliowahi kuwakonyeza, wote wanamwita hivyo. Jina lenyewe hajalipenda mpaka leo. Ila analiitikia akiwa amekaa.